Mlima Kutoka kwa Mama Njoki

Ugomvi ulianza na picha moja. Binti yangu Njoki, anayefanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja huko Nanyuki, aliniamsha asubuhi ya Julai kwa picha ya Mlima Kenya, theluji yote nje, anga ya samawati. Chini yake akaandika: "Mum, ona mlima yetu. Nyinyi huko Othaya mnaonanga tu ukungu."

Mlima yetu! Msichana niliyemzaa mimi, nikamlea kwa uji wa wimbi katika jiko linaloutazama mlima huo huo, amehamia Nanyuki juzi na tayari ana mlima wake. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipofungua mlango, ukungu ulikuwa umejaa mpaka sikuona zizi.

Mtu asiye wa huku atashangaa ni nini cha kugombania. Mlima una pande nyingi, na kila upande una watu wabishi. Wa Karatina watakuambia unapendeza ukiwa kwao. Wa Meru watakuambia ni wao, basi. Wa Nanyuki ndio wabaya kabisa, kwa sababu wako karibu nao na wanadhani ukaribu ni umiliki. Lakini mimi nimezaliwa na kuolewa katika vilima hivi vya chai, na nasema hivi: ukitaka kumwona mtu vizuri, usimsimamie puani. Sisi tuko mbali kiasi cha kuuona wote, kuanzia magoti hadi utosini.

Nikaenda kwa Moffat. Moffat ana duka la kompyuta karibu na soko la Othaya, ndiye hututengenezea kadi za harusi na matangazo ya mazishi, na ni kijana mwenye subira kuliko wanangu.

"Nataka watu wauone mlima kutoka kwangu," nikamwambia. "Mtu yeyote. Saa yoyote. Bila mimi kuamka kumtumia mtu picha."

"Hiyo ni webcam, mathe," akasema. "Na usinunue kitu. Uko na simu ya kitambo hapo kwa nyumba?"

Nilikuwa nayo moja, imepasuka kioo tangu ng'ombe alipoikanyaga, lakini jicho lake la kupigia picha lilikuwa zima. Moffat akaitia programu ya kupiga picha yenyewe kila baada ya dakika tano na kuituma kwa waifai hadi kwenye tovuti aliyonitengenezea. Picha mpya ikiingia, ya zamani inaondoka. Akaniuliza tovuti iitwe nani. Nikamwambia aandike, kwa herufi kubwa, MLIMA KUTOKA KWA MAMA NJOKI.

Kuitengeneza mezani ni jambo moja, kuifanya ikae nje ni jambo lingine. Siku ya kwanza niliifunga juu ya nguzo ya uzio, na mvua ikaingia ndani yake kabla ya saa sita. Nikaikausha juu ya jiko, si motoni, pembeni, nikiiomba kama mgonjwa. Kisha nikachukua mtungi wa mafuta ya kupikia, nikaukata mdomo na ubavu, nikaitia simu ndani ikachungulia nje kama kuku kwenye kiota. Nikaufunga chini ya paa la jikoni, pembe ya mabati inayotazama mashariki, mahali ambapo jua la mchana haliwezi kuichemsha. Stima ikipotea, na huku kwetu hupotea hata bila mvua, kuna betri ya sola ya taa za zizi, nayo nikaivutia waya.

Wiki iliyofuata watu wa Nanyuki wakaona mlima wenye ndevu. Moffat alinipigia simu mbio. Nilipopanda ngazi nikakuta buibui amejenga nyumba kwenye mdomo wa mtungi. Tangu hapo, kitu cha kwanza nikiamka, kabla ya kuosha uso, ni kupanda ngazi na kufuta kioo kwa ncha ya leso.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo sikulitibu. Kutoka pale chini ya paa, mlima ulijaza nusu ya juu ya picha, lakini nusu ya chini ilikuwa boma langu. Lango la kijani, uwanja, tangi jeupe la maji, kamba ya nguo, na zizi la ng'ombe wangu wawili, mmoja mweusi na mwingine mwenye baka jeupe ubavuni.

"Tuiinue kidogo, mathe," Moffat alishauri. "Watu waone tu mlima. Sasa hii wanaona mpaka chupi kwa kamba."

"Chupi nitaanika nyuma ya nyumba," nikasema. "Boma liache. Wacha wajue mlima huu unatazamwa na watu wanaofagia."

Nitasema ukweli: nilianza kujipamba. Nilikuwa nikikamua kwa gauni lililochanika kwapani. Nikaliweka kando, nikawa nakamua kwa sketi na sweta ya rangi ya zambarau. Uwanja ambao zamani niliufagia siku ikinipata, sasa niliufagia kila alfajiri, kwa mistari iliyonyooka. Jirani zangu wanawake walicheka mpaka wakachoka kucheka, kisha wakaanza kupitia langoni kwangu wakienda kupeleka majani chai, wamevaa vitambaa vipya kichwani, na wakifika katikati ya uwanja wanapunguza mwendo. Mmoja ana mtoto Boston. Alisimama pale akapunga mkono hewani, dakika tano nzima, mkono wake wa pili umeshika kikapu, kwa sababu hakujua picha itapigwa saa ngapi.

Njoki alipiga simu. "Mum, hapa kazini kila mtu anaangalia hiyo kitu yako. Ati daktari ameuliza hiyo ng'ombe ya baka inaitwa nani."

"Na mlima?" nikauliza.

"Inaonekana poa," akasema. Nikaridhika.

Moffat alikuwa ameweka chini ya picha mahali pa watu kuandika neno. Wengi waliandika ya heri. Wa Dubai walisema wamelia, wa Canada walisema Mungu anibariki. Lakini kulikuwa na mmoja aliyejiita Nanyuki Damu, na huyo alikuja kunitia shetani.

"Huo ni mlima ama ni kichuguu?" aliandika siku ya kwanza.

Nilivaa miwani nikamjibu kwa kidole kimoja: "Nyinyi mmekaa miguuni pake, mnaona magoti tu. Sisi tunaona uso."

Siku ya pili: "Mama, ukungu ukiisha huko kwenu utuambie."

"Ukungu ni shuka yake. Hata wewe hulali uchi."

Hakukoma. Mlima ukiwa nje ananyamaza, mlima ukijificha anaingia na maneno. Siku moja akathubutu kugusa mifugo. Akaandika kwamba yule ng'ombe wa baka anakonda, apewe majani ya kutosha. Damu ilinipanda. Nikamwandikia kwamba mtu wa kuchungulia ng'ombe za watu ni mtu asiye na zake. Akanyamaza siku hiyo na iliyofuata, nikajua nimemmaliza. Ng'ombe nilimwongezea majani, lakini hilo halikumhusu.

Kisha Oktoba nikashikwa na homa mbaya, nikalala ndani bila kufagia wala kupanda ngazi. Jirani alinikamulia. Nilipoweza kushika simu nikakuta Nanyuki Damu ameandika: "Leo ya tatu sijakuona kwa uwanja. Uko mzima?" Shemeji yangu Gicheru, ambaye boma lake liko bondeni chini ya langu, mwendo wa kuita mtu na akaitika, hakuwa ameuliza. Nilifurahi sana, hata kama aliyeniuliza ni adui. Nikamjibu: "Nimepona. Na mlima pia."

Sasa huyo Gicheru lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna habari. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Theuri. Theuri alipofariki aliniachia msingi na kuta ambazo hazijafika madirishani. Gicheru alikuja na wazee wawili akanishauri niuze yale mawe, nihamie chumba kimoja kwenye boma lake, kwa sababu mwanamke hawezi kusimamisha nyumba. Nikawapa chai, nikawashukuru, nikawasindikiza. Kila jiwe lililo juu ya dirisha katika nyumba yangu nililiweka mimi, kwa chai niliyochuma kwa mikono hii. Gicheru hajawahi kuingia ndani tangu ikamilike. Akiwa na neno nami husimama langoni.

Alisimama hapo pia kwa habari ya kamera. "Mama Njoki, mifugo haihesabiwi," akasema. "Wazee walikataza. Na wewe unaonyesha dunia yote ng'ombe ya ndugu yangu."

"Hawajahesabu, wanaona tu," nikasema. "Na ng'ombe za ndugu yako niliziuza nikanunua mabati. Hizi ni zangu."

Disemba, Njoki alikuja nyumbani akaniambia, macho yameangalia sakafu, kwamba kuna kijana anaitwa Mwai, na kwamba watu wake wanataka kuja mwezi wa kwanza. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni hadi kuku wakakimbia.

Kwetu, kabla mahari haijatajwa, watu wa mvulana huja kwanza kulijua boma la msichana. Siku hiyo hawaji na mbuzi. Wanakuja kuijua njia, lango, na watu wa hapo. Boma watakaloingia na kunywa chai ndilo litakuwa kwao msichana hata milele: mahari itapelekwa hapo, na wajukuu wakiuliza mama yao alitoka wapi, wataonyeshwa hapo. Ndiyo maana nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote tangu Theuri azikwe. Nilitaka binti yangu aombwe kwenye lango langu.

Lakini wageni wa namna hiyo hawapokelewi na mama peke yake. Lazima wazee wa ukoo wawepo, na wazee wa ukoo wetu huitwa na Gicheru. Walikutana sebuleni kwake. Mimi niliitwa mwisho, baada ya mambo kuamuliwa.

"Wageni watakuja hapa kwangu," Gicheru akasema. "Hapa kuko na mahali ya kupark, kuko na sitting room kubwa." Kisha akaongeza, "Na hapa ni boma iko na mwanaume."

"Njoki ana kwao," nikasema. "Na si hapa."

"Kwao ni kwa baba yake. Na baba yake ni mimi sasa."

Niliwatazama wazee mmoja mmoja. Walikuwa wanatazama vikombe. Nilisimama nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa, nikatoka. Gicheru akatuma neno kwamba kama sikubali, wazee hawatakuja popote, nijipokelee wageni wangu na kuku wangu. Jioni hiyo Njoki akanipigia analia.

"Mum, tafadhali. Ni siku moja tu. Si hata Mwai anajua kwetu ni wapi? Wacha waende kwa uncle, tumalize."

"Siku moja tu!" nikasema. Lakini mtoto akilia, mama hana ubishi. Nikakubali. Nipike mimi, nibebe vyakula hadi bondeni, nisimame na wanawake wengine mlangoni. Niliona uchungu usiosemeka. Nilichokataa ni kuizima kamera. Gicheru alitaka izimwe siku hiyo, nami nikamwambia mlima haujaomba ruhusa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Januari, na mlima ukatoka mapema, mweupe, bila wingu hata moja. Huku kwetu mgeni wa harusi aliyeambiwa saa nne huonekana saa nane, na hivyo ndivyo Gicheru alivyojipanga. Hawa walifika saa tatu na nusu. Hema lilikuwa limesimama upande mmoja, na Gicheru yuko na fulana anatafuta mtu wa kufunga kamba. Alikimbia ndani akatoka na koti juu ya fulana.

Waliteremka watu kama kumi, wanaume kwa wanawake. Mbele yao alikuwa baba yake Mwai, Mzee Gikonyo, mfupi, mnene, mwenye macho ya mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali. Waliketishwa kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe. Chai ikamiminwa. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai mkononi na aproni kiunoni, na Njoki alikuwa amefichwa chumbani na wasichana wenzake.

Mzee Gikonyo alipokea kikombe chake, akakishika, kisha akakiweka mezani bila kukionja. Mkewe aliyeketi kando akamwona, akaweka chake pia. Wageni wengine nao, kimoja kimoja, wakaweka vyao.

"Mzee Gicheru," akasema, "hapa mlima uko upande gani?"

"Mlima?" Gicheru akacheka. "Leo imefunikwa na mawingu, mzee. Unajua hii hali ya anga ya huku."

Niliuma ulimi. Boma la Gicheru liko shimoni, nyuma ya mikaratusi, na mlima haujaonekana kutoka hapo tangu baba yake aipande. Lakini kusema mlima una mawingu siku kama ile!

Mzee Gikonyo akatoa miwani mfukoni, akatoa simu, akaiinua kwa mbali. "Hapana," akasema polepole. "Imetoka. Hata wingu hakuna. Hii ni picha ya sasa hivi." Akaigeuza Gicheru aione. "Hii ndiyo boma kijana wangu alinionyesha, akaniambia hapa ndipo msichana anatoka. Mimi naiangalia kila siku kabla nikunywe chai. Naijua. Lango ni kijani. Kuko na tangi nyeupe, na ng'ombe ya baka. Sasa hapa kwako sijaona tangi, na lango nimepitia ni nyekundu. Naomba kuuliza, na heshima. Hii boma tumeingia ni ya nani?"

Niliibana chupa ya chai kifuani.

"Hii ni boma ya ukoo," Gicheru akasema hatimaye. "Hiyo ingine iko tu hapo juu. Ni ya mjane. Tuliona haitoshi wageni kama nyinyi."

"Mama Njoki ni nani hapa?"

"Ni mimi," nikasema.

Akageuka kochini kwa shida, akanitazama juu chini, kisha uso wake wote ukafunguka. "Hauna ile sweta ya purple leo," akasema. "Ile siku uliniambia mtu wa kuchungulia ng'ombe za watu hana zake, nilicheka mpaka huyu mama akauliza kama niko mgonjwa. Niko na ng'ombe sita, kwa taarifa yako. Mimi ndiye Nanyuki Damu."

Kama ningeweza kuingia ndani ya ile chupa na kujifunika kifuniko, ningeingia. Nilikumbuka yote niliyomwandikia tangu Agosti, na yale ya Novemba juu ya masikio yake, ambayo sijayataja hapa. Huyu ndiye mtu ambaye binti yangu angemwita baba.

"Mzee, unisamehe," nikaanza.

"Usiombe msamaha," mkewe akadakia. "Alikuwa anajitafutia mwenyewe. Na ile siku ulikuwa mgonjwa ni mimi nilimwambia akuulize. Huyu hangejua. Mimi mwenyewe nakuangalia ukifagia. Nilimwambia Mwai, huyo msichana kama amelelewa kwa hiyo uwanja, mlete."

Macho yalinijaa, nikayaacha yajae. Wanawake wenzangu mlangoni wakaanza kunong'ona, na nikamsikia mmoja akisema "uwanja wetu", kana kwamba amewahi kushika ufagio pale.

Mzee Gikonyo akasimama. Watu wake wote wakasimama.

"Mnaenda wapi?" Gicheru akauliza. Sauti ilikuwa imempanda. "Mzee, umekataa chai yangu? Kwangu? Hiyo ni matusi."

"Hatujakataa," Mzee Gikonyo akasema bila hasira. "Chai inapewa mtu amefika. Sisi bado tuko njiani."

Gicheru akawageukia wazee wetu, akitafuta wa kumuunga mkono. Mkubwa wao, ambaye wakati wa mkutano alikuwa ameangalia kikombe kuliko wote, alichukua fimbo yake, akajikongoja hadi mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama njia ya kwangu bado ina yale matope. Nikamwambia imekauka. Akatangulia.

Tukapanda kilima, wageni, wazee, na wanawake wakiwa na masufuria ya moto vichwani, katikati ya chai iliyokatwa juzi. Njoki alitolewa chumbani akaambiwa atembee nyuma na wasichana, na nikamwona akilia na kucheka. Mimi nilikuwa mbele. Tulipopita mikaratusi mlima ukatokea wote kwa pamoja, na nyuma yangu nikasikia watu wa Nanyuki wakinyamaza. Hiyo ilikuwa tamu. Mzee Gikonyo alisimama kuvuta pumzi, akautazama, akasema, "Sawa. Si kichuguu."

"Asante," nikasema.

Kisha nikakumbuka boma langu. Sikuwa nimelitayarisha, maana sherehe ilikuwa kwingine. Nilikuwa nimefagia, ndiyo, kama kila siku. Lakini mashuka yalikuwa kwenye kamba, gamubuti zangu zenye mavi ya ng'ombe mlangoni, na viti ndani havikufika nusu ya watu wale. Nilitaka kukimbia nitangulie, nianue, nifiche. Miguu yangu ilianza hata kwenda haraka. Kisha nikajiuliza, naficha nini? Watu hawa wameyaona mashuka yangu tangu Agosti. Wameniona nikianguka kwenye utelezi na ndoo ya maziwa. Waliyaona yote na bado wakaja. Nikapunguza mwendo, nikatembea kama mtu anayekwenda kwake.

Nilifungua lango la kijani, nikaingia peke yangu, nikalifunga tena. Ndivyo inavyofanywa. Wageni husimama nje, na mwenye boma husimama ndani, naye huwauliza swali kabla ya kuwaruhusu kuingia. Swali hilo kwetu huulizwa na mwanamume. Katika harusi zote nilizowahi kupika sijamsikia mwanamke akiliuliza.

Wazee walisimama pembeni ya lango wakisubiri. Hakuna aliyethubutu. Kisha Gicheru akafika, anahema, koti limefunguka juu ya fulana. Nilimfungulia apite, kwa sababu ni kaka ya Theuri na sikutaka binti yangu aolewe na ukoo umegawanyika. Akasimama kando yangu, ndani ya uwanja wangu, kwa mara ya kwanza tangu nyumba iishe. Alitazama kuta. Alitazama juu ya madirisha. Akakohoa, akasafisha koo, akafungua mdomo kuwauliza wageni.

Mzee Gikonyo hakumtazama. Alikuwa amesimama nje ya lango, mikono nyuma, macho yake kwangu, anangoja. Watu wake wote walikuwa wanangoja hivyo hivyo.

Gicheru akaliona hilo. Alisimama kidogo na mdomo wazi, kisha akaufunga, akarudi nyuma hatua moja.

Nikashika lango kwa mikono miwili.

"Nyinyi ni akina nani," nikauliza, "na mmekuja kutafuta nini kwangu?"

Mzee Gikonyo akavua kofia, akaanza kujibu.